Mvua ya Kutoka Chini Kwenda Juu

Mtaani walimwita Bi Mawingu, na kwa muda mrefu jina hilo lilimkera. Mawingu, alikuwa akisema, ni matokeo tu. Kazi yenyewe iko kwenye mgandamizo wa hewa. Lakini ni nani atakayemwita jirani yake Bi Mgandamizo? Basi akabaki Bi Mawingu, sokoni, saluni na hata kwa daktari wa meno, ambaye tutamfikia.

Hakuzaliwa akiitaka runinga. Alisomea hali ya hewa chuo kikuu kwa sababu alipenda hesabu na hakupenda damu, maana wazazi wake walikuwa wamemtengea udaktari. Mjomba wake aliposikia, aliuliza kama ni kweli mtu anaweza kusoma miaka yote hiyo ili aje kuangalia juu, jambo ambalo kuku hulifanya kila anapokunywa maji, tena bila cheti. Bi Mawingu alihitimu, akaajiriwa idara ya hali ya hewa, akapewa meza ya dirishani na ufunguo wa ua wa vipimo, wenye kipima mvua, vipima joto na kile chombo cha vikombe kinachozunguka kwa upepo. Huko alitulia kama maji mtungini. Vipimo havikumsalimia na yeye hakuvisalimia, wakaheshimiana.

Kisha kituo cha runinga kikaomba idara iwaazime mtaalamu mmoja wa kusoma utabiri baada ya taarifa ya habari ya saa moja jioni. Mkuu wa idara akatoka ofisini kutafuta mtu wa kujitolea. Wenzake Bi Mawingu walikuwa wepesi kuliko yeye. Mmoja alijifungia chooni. Mwingine alinyanyua simu ambayo haikuwa imelia, akaanza kuongea nayo kwa heshima kubwa. Wa tatu alikumbuka kwamba paa halijakaguliwa. Bi Mawingu alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alipoinuka, chumba kizima kilikuwa kitupu isipokuwa yeye na mkuu wake, na mkuu alikuwa anamtazama kwa shukrani.

Studio ilimshangaza. Alidhani atasimama mbele ya ramani, kumbe ramani haipo. Kuna ukuta mtupu uliopakwa kijani, na ramani inaonekana kwa watazamaji tu. Yeye alitakiwa kujitazama kwenye runinga ndogo iliyowekwa pembeni, na humo kulia kwake kulikuwa kushoto. Jioni ya kwanza alinyoosha kidole kwenye mlima akisema ziwa, akashusha radi katika nchi ya jirani, na muda wote mkono wake ulikuwa unapapasa hewani ukitafuta mashariki. Watazamaji wengi walipiga simu kuuliza kwa nini kituo kinashindwa kufukuza nzi.

Lakini mzoea punda hapandi farasi, na yeye alimzoea punda wake. Baada ya miezi alikuwa anaigusa miji bila kuitazama. Mtaani nako mambo yakabadilika, maana watu hawatofautishi anayetangaza mvua na anayeileta. Muuza miavuli alianza kumwita dada. Dobi wa kona alikuwa hamwiti kitu. Akimwona anapita, aligeuka akaendelea kupiga pasi kwa hasira, na shati lililokuwa mezani siku hiyo lilikuwa halina bahati.

Mume alimpata hukohuko studioni. Alikuwa fundi makochi aliyeitwa kushona upya viti vya wasoma habari, mtu mpole mwenye sindano nene na maneno membamba. Watangazaji wengine walimwambia asogee. Bi Mawingu alimuuliza ndani ya kochi mnawekwa nini, akamsikiliza mpaka mwisho. Mwaka uliofuata walioana, na baada ya muda mama yake Fundi akaja kukaa nao, akiwa na mashine yake ya kushonea na maoni yake.

Mama mkwe alikuwa ameshona sare za shule maisha yake yote. Alimpenda mkwewe kwa kila kitu isipokuwa kazi yake. Hakuwa na chuki. Ni kwamba hakuweza kuamini.

"Mtu ambaye kila asubuhi namwona anatafuta miwani na huku ameivaa," alimwambia mwanawe, "ndiye aniambie kesho kutakuwaje?"

Kwa hiyo utabiri wa saa moja hakuutazama. Alitazama wa kituo kingine, wa saa mbili, uliosomwa na kijana mtanashati mwenye suti za kubana na sauti ya kuteleza kama siagi kwenye kikaango cha moto. Kijana huyo hakusema mvua itanyesha. Alisema, "Mpendwa mtazamaji, mvua itakutembelea." Mama mkwe alikuwa akimwitikia: "Karibu." Rimoti aliikalia kuanzia saa moja kasoro, na hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kumwinua.

Bi Mawingu alikuwa na njia yake ya kulinda amani. Alirudi kutoka studio, akasalimia, na ikikaribia saa mbili akaenda kuoga. Alioga kwa muda uleule ambao Kijana wa Saa Mbili alikuwa hewani, na maji aliyafungulia kwa nguvu ili asisikie. Hivyo kwa miaka mingi hakuwahi kumsikia mwenzake anasema nini. Aliyezisikia tabiri zote mbili ni Fundi. Ya saa moja aliitazama karakanani kwenye runinga ndogo iliyokaa juu ya magodoro, na ya saa mbili nyumbani. Aliona kila siku zinafanana mpaka nukta, akahitimisha kwamba sayansi ni moja. Hakuona haja ya kulizungumza.

Sasa tuje kwa daktari wa meno. Jino la nyuma la Bi Mawingu lilikuwa limemsumbua kwa muda, na siku moja mchana likang'olewa. Daktari alimchoma ganzi ya kutosha farasi, akamwambia aende nyumbani akalale. Lakini aliyetakiwa kumshikia zamu alikuwa kwenye harusi ya dada yake na simu ameizima, na taarifa ya habari haimsubiri mtu. Bi Mawingu akasema atakwenda. Alijaribu maneno mbele ya kioo cha chumba cha mapambo, akayasikia yamenyooka kabisa. Tatizo la ganzi ni hilo: ndani ya kichwa maneno huwa yamenyooka.

Alichokusudia kusema kilikuwa cha kawaida. Asubuhi kutakuwa na manyunyu hapa na pale, yakifuatiwa na upepo wa wastani, na mchana mvua itasogea kutoka kusini kwenda nyanda za juu. Lakini midomo iliyokufa ganzi haiviringiki, na ulimi uliolala hauchagui. Kilichotoka, kwa utulivu wote wa kitaalamu na kwa mkono unaozunguka vizuri juu ya ramani, kilikuwa hiki:

"Asubuhi kutakuwa na manyani hapa na pale, yakifuatiwa na upepo wa shetani. Na mchana, mvua itasogea kutoka chini kwenda juu."

Mpiga picha aliuma kola ya shati lake. Msoma habari, aliyetakiwa kuaga watazamaji, aliaga akiwa ameficha uso nyuma ya karatasi, na karatasi zilikuwa zinatikisika. Bi Mawingu aliona watu wa ajabu leo, akachukua mkoba wake akaondoka.

Karakanani, Fundi alidondosha sindano. Alifunga mlango bila kufagia, akakimbia, akamkuta mkewe ndiyo kwanza amejilaza kwenye kochi, shavu limevimba kama la mtu aliyebana ndimu. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake na rimoti yake. Fundi akachuchumaa, akamweleza mkewe sikioni alichosema hewani. Akasema taratibu, kama anayetoa taarifa ya msiba, manyani kwanza kisha shetani. Bi Mawingu alifumba macho. Alitamani kochi limmeze, na kwa kuwa lilikuwa limeshonwa na mumewe alijua haliwezi kupasuka.

Ndipo ikagonga saa mbili, na yeye hana nguvu za kwenda kuoga.

Kijana akatokea, suti ya kijivu, tabasamu lote nje. Akasema kwa ile sauti ya siagi, "Mpendwa mtazamaji, kesho asubuhi utatembelewa na manyani hapa na pale, wakifuatiwa na upepo wa shetani." Maana Kijana alikuwa mtu wa lugha safi, alijua manyani ni viumbe hai, akasahihisha upatanisho. Kisha akaendelea, bila wasiwasi, kwamba mchana mvua itatoka chini kwenda juu, na akawatakia watu wote jioni njema.

Bi Mawingu alifumbua macho. Akamtazama mumewe, mumewe akamtazama. Miaka yote ile ya kuoga ikampitia mbele ya macho. Huyu mtu hakuwa na vipimo wala ramani, wala hajui mgandamizo ni mnyama gani. Alikuwa na runinga tu, na kila siku saa moja aliiwasha, akasikiliza, akachana nywele, akaenda kusema yaleyale.

"Umesikia?" Mama mkwe akamgeukia. "Manyani. Kwenu mliwaambia watu?"

Bi Mawingu alijitahidi kueleza kwamba si manyani, ni manyunyu. Ikatoka: "Si manyani, mama, ni manyani."

"Basi mlisema," alisema mama mkwe, akiridhika. "Angalau leo mmepatia."

Akainuka kwenye kiti, jambo ambalo lilionyesha uzito wa hali, akaanza kujiandaa. Madirisha aliyafunga yote. Ndizi zilizokuwa mezani alizihamishia kabatini, chini ya mashuka. Suala la mvua lilimchukua muda zaidi. Alisimama uani akitafakari, mkono kiunoni, kisha akazipindua ndoo zote mdomo chini, kwa hoja kwamba mvua ikitokea huko itaingia yenyewe. Fundi alitaka kusema neno, mkewe akamshika mkono. Alikuwa anacheka, na kucheka kulikuwa kunamuuma, na alivyoumwa ndivyo alivyozidi kucheka.

Asubuhi yakaja manyunyu hapa na pale, na upepo wa wastani. Manyani hawakutokea, ingawa mlinzi wa geti la kiwanda cha sabuni alishinda na fimbo mbili badala ya moja. Muuza miavuli alikuwa anauliza kila anayepita kama mwavuli wa kuvaa miguuni upo kiwandani. Na dobi, kwa mara ya kwanza, alimsalimia Bi Mawingu. Alisema nguo amezianika juu sana leo, ili mvua ichelewe kuzifikia, kisha akacheka mpaka akaegemea pasi na kuuondoa mkono haraka.

Kazini, mkurugenzi wa matangazo alimwita. Bi Mawingu hakujitetea. Alifungua mdomo akaonyesha pengo. Mkurugenzi alilitazama, akasema ameelewa, na kwamba inatosha, anaweza kufunga. Jioni hiyo, ulimi ukiwa umeamka, aliwaomba watazamaji radhi. Alisema jana aling'olewa jino, midomo ilikuwa na ganzi, na kwamba nyani wabaki msituni kwao. Watu wakampenda zaidi kuliko walivyowahi kumpenda kwa kupatia.

Kijana wa Saa Mbili alikuwa amepata siku mbaya. Wakubwa wake walikuwa wamemuuliza manyani amewatoa wapi, akawajibu kwamba vyanzo vyake ni vya siri. Saa moja aliwasha runinga kama kawaida, akasikia mwenzake anaomba radhi, akaona hapo ndipo pa kutokea. Saa mbili akasimama mbele ya watazamaji, akaweka mkono kifuani, akasema naye anaomba radhi, kwani jana aling'olewa jino. Kisha akatabasamu. Meno yalikuwa yote mahali pake, meupe, yamejipanga kama askari wa gwaride, yale yale ambayo kituo chake kilikuwa kimeyabandika kwenye mabango ya barabarani.

Nchi nzima ililitafuta pengo. Mama mkwe peke yake aliona huruma. Alisema maskini kijana, anavumilia maumivu kwa ajili yetu, na akauliza kama kuna njia ya kumpelekea uji laini.

Uji haukuhitaji kupelekwa. Jumapili, mlango ukagongwa, mama mkwe akafungua, na aliyesimama kizingitini ni Kijana mwenyewe, bila suti, amebeba boksi la biskuti. Mama mkwe hakusema karibu. Alimfungia mlango usoni, akaenda kuvaa gauni la kutokea na wigi, ndipo akaja kumfungulia tena kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akamkalisha kwenye kochi zuri. Akamuuliza jino linaendeleaje.

Bi Mawingu alitoka jikoni na mwiko. Alikuwa na maneno aliyoyapanga siku nyingi, na mengi hayakuwa ya kitaalamu. Lakini Kijana alisimama akamwamkia shikamoo, akaanza kusema yote kwa haraka, kama anayetapika. Alikuwa msoma matangazo ya magodoro redioni. Kituo kilimchukua kwa ajili ya sauti, na mtabiri wao alipoacha kazi wakamwambia hali ya hewa si jambo gumu, atazoea. Hakuna aliyemfundisha chochote. Siku ya kwanza aliogopa, akawasha runinga kuona wengine wanafanyaje, na kuanzia hapo hakuizima. Sasa wakubwa wake walikuwa wamempa muda mfupi ajifunze kazi au arudi kwenye magodoro.

"Nifundishe, dada," alisema. "Hata kaskazini tu, kwa kuanzia."

Bi Mawingu aliutazama mwiko, akautazama uso ule wa kwenye mabango ambao sasa ulikuwa unatoka jasho puani. Alisema atamfundisha, kwa sharti moja: amwambie mama, hapa hapa, alikokuwa akiupata utabiri wake.

Kijana akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa anamchagulia biskuti isiyovunjika.

"Mama, miaka yote hii, kila nilichokuwa nasema nilikuwa nakichukua kwa mkweo."

Fundi aliacha kutafuna. Mama mkwe alimtazama Kijana, akamtazama mkwewe, akapima jambo hilo pande zote kama kitambaa kabla ya kukikata.

"Ndiyo maana," alisema hatimaye, "siku nyingine ulikuwa unakosea."

Na biskuti akampa.

Masomo yakaanza Jumamosi iliyofuata, mezani. Bi Mawingu alichemsha birika, akashika juu ya mvuke mfuniko wa sufuria uliotoka kwenye friji, na matone yalipoanza kuanguka Kijana akashika kichwa kwa mikono miwili. Alisema kumbe ni hivyo tu. Bi Mawingu alimwambia si hivyo tu, na akamwongezea hesabu mpaka akanyamaza. Kaskazini ilichukua wiki nzima. Mama mkwe alihudhuria kila somo kutoka kwenye kiti chake, akishona na kutoa maoni. Majirani walipouliza yule mtu maarufu anafuata nini nyumbani kwao, aliwaeleza kwamba anakuja kumfundisha mkwewe, kwa kujitolea, na kwamba mkwewe anajitahidi. Habari hizo zilimfikia Bi Mawingu kupitia kwa dobi. Siku hizo Bi Mawingu alikuwa ameshakuwa mkuu wa utabiri pale kituoni. Aliposikia alikasirika kwa mwendo wa mtaa mmoja, akafika nyumbani ameshasahau alichokasirikia.

Kijana hakuwa mjinga; alikuwa hajaulizwa tu. Pole pole akaanza kuuliza maswali ambayo hata Bi Mawingu ilimbidi akayatafutie majibu. Alikwenda idarani kuomba vipimo mwenyewe. Kisha ikafika jioni moja ambapo Bi Mawingu alisema saa moja kwamba kesho mvua kubwa, na saa mbili Kijana akatokea akasema hapana, kesho kukavu.

Nyumba ilipatwa na mtihani. Asubuhi Fundi alikuwa na makochi mapya ya kupeleka kwa mteja, kwenye gari lililo wazi, na vitambaa vilikuwa vya rangi ya maziwa. Mume mwema anamwamini mkewe. Fundi aliyafunika makochi kwa turubai, akayafunga kamba kama wafungwa, na akayasafirisha mji mzima chini ya jua kali lisilo na wingu hata la dawa.

Bi Mawingu alisimama dirishani na mwavuli wake muda mrefu. Kisha akampigia Kijana simu, akamuuliza amejuaje. Kijana alieleza jinsi upepo ulivyogeuka jana alasiri upande wa mashariki. Bi Mawingu akamwomba arudie, akachora kwa kidole kwenye kioo cha dirisha, na akajikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

Mama mkwe, aliyeuona mgongo tu, alidhani analia. Alimwendea, akamwekea mkono begani.

"Usihuzunike, mwanangu. Mimi niliwahi kushonea shule nzima sare zenye mkono mmoja mfupi. Walivaa, wakazoea."

Jioni ile, mara tu ilipofika saa moja, aliiwasha runinga na kutazama utabiri wa mkwewe mwanzo mpaka mwisho, kwa huruma. Siku ya pili akautazama tena. Alisema si mbaya, mtu anasikika, tatizo ni pindo la gauni, linaning'inia upande mmoja na kumfanya aonekane ameegemea kwenye kimbunga. Kesho yake mchana alimsimamisha sebuleni akamrekebishia pindo akiwa amelivaa, pini mdomoni, akimwambia asitikisike. Bi Mawingu alikwenda kazini hivyo hivyo. Pini moja ilikuwa imesahaulika nyuma, kiunoni, na kila alipotaka kuinamia kusini ilimkumbusha. Alisimama wima kama nguzo utabiri mzima, kidevu juu, mabega nyuma. Watazamaji walipiga simu kwa wingi. Walitaka kujua ni nani aliyemfundisha kusimama vizuri namna ile.